Lehemu ya Mzee Eliezeri

Mzee Eliezeri alikuwa fundi wa kulehemu pale Same mjini. Sufuria zilizotoboka na rejeta za malori zilizovuja, zote zilipita mikononi mwake. Kwa hiyo daktari alipomwambia, "Mzee, lehemu mbaya imezidi kwenye damu yako, punguza lehemu," hakuuliza swali. Nani wa kumfundisha yeye lehemu? Moshi wa kazi umemwingia, basi.

Akafunga kibanda chake cha kazi siku ile ile. Kabla ya hapo kaka yake alikuwa ameanguka kwenye shamba la mpunga kule Ndungu, ameshika kifua, na hakuinuka tena. Eliezeri aliogopa kumfuata, na mkewe Victoria aliogopa kuliko yeye.

Rafiki yake Loserian, mfugaji wa tambarare, akaja na mkia wa kondoo uliojaa mafuta. "Haya yatakusafisha tumbo na damu," alisema. Victoria akayayeyusha, akawa anamnywesha kikombe kila asubuhi. Mkia ukiisha, Loserian analeta mwingine. Wote walimpenda mzee wa watu, na hilo ndilo linalouma.

Aliporudi kupimwa, daktari alikunja uso. "Imepanda! Mzee, hukupunguza?"

"Nimeacha kabisa, mwanangu. Sijagusa risasi tangu siku ile."

"Risasi gani tena?"

"Ya kulehemu."

Daktari alitaka kucheka, akamwona Victoria alivyojaa hofu, akaacha. Akaeleza taratibu kwamba lehemu ya damu ni mafuta. Ile mbaya huyabeba na kuyagandisha kwenye kuta za mishipa, hadi njia ya damu iendayo moyoni izibe. Ile nzuri huyazoa, ikayarudisha kwenye ini.

"Kama rejeta iliyoziba," alisema Eliezeri kwa sauti ndogo.

"Hivyo hivyo. Nyumbani mnakula nini?"

Victoria akaangua kilio. "Ni mimi niliyemnywesha mafuta ya kondoo! Kwa mkono wangu!"

"Nyamaza, mama. Aliyekosea kusikia ni mimi." Eliezeri akamfuta machozi.

Walirudi na vidonge. Kesho yake kibanda kikafunguliwa, na kabla ya saa nne Loserian akatokea na mkia mwingine. Eliezeri akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakata kipande, akapaka mafuta yake kwenye ufa wa rejeta ili risasi ishike vizuri.

Loserian akashangaa. "Sasa wewe utakunywa nini?"

"Acha inywe rejeta, ndugu yangu," alisema Eliezeri. "Mimi nimeshalehemiwa vya kutosha."