Jioni Karna Hakuonekana

Katika mji wa Halvard, Dakota Kaskazini, mtu hajisifu. Ukivuna ngano mpaka ghala likatapika, unasema mwaka huu si mbaya. Binti yako akifaulu kuliko wote, unasema si mbaya. Ndivyo walivyolelewa, na Ardis Tveten, mjane ambaye mji mzima ulimjua kwa upole wake, alikuwa ameishika sheria hiyo tangu utotoni. Sasa sijui ni shetani gani aliyempanda Jumapili ile, maana alisimama kanisani baada ya matangazo, akakohoa, akasema mbele ya watu wote:

"Jumanne jioni Rais analihutubia Taifa, na Karna wangu atakuwa mle ukumbini na mawaziri wenzake. Njooni tumtazame kwenye runinga ya hapa chini. Mtamjua kwa gauni la buluu. Nimelishona mimi mwenyewe."

Watu walitazama viatu vyao. Lavonne Brekke, jirani yake na mshindani wake tangu wakiwa darasa moja, alimngoja kwenye kahawa ya baada ya ibada.

"Haya, shoga. Akionekana huyo Waziri wa Kilimo wako, vyombo vya siku hiyo naosha mimi. Asipoonekana, utaviosha wewe."

"Njoo na aproni yako," alijibu Ardis.

Lavonne hakusema vile bure. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba Karna amempinga Rais waziwazi, mbele ya baraza zima, kwa ajili ya wakulima wadogo, na kwamba Rais alitoka kikaoni uso umemwiva. Halvard nzima ilikuwa imesoma. Ardis naye alisoma, akalikunja gazeti, akawashia jiko.

Jumanne mchana Karna akapiga simu.

"Mama, tafadhali, leo usialike watu."

"Nimeshawaalika. Kwani kuna nini?"

"Siwezi kusema, mama. Nakupenda."

Simu ikakatwa. Ardis alibaki amesimama jikoni. Nakupenda? Katika ukoo wa Tveten neno hilo halisemwi kwenye simu. Baba yake Karna alilisema mara moja tu, akiwa kitandani hospitalini, na hakurudi nyumbani. Mtoto amefukuzwa kazi, alijiambia Ardis. Wamemfukuza, na anaona haya kuniambia.

Angeweza kujifanya mgonjwa. Aliwaza hivyo akiwa anavaa koti, akawaza tena akiwa anawasha gari. Lakini watu walikuwa wamekwisha kualikwa, na mwenye karamu hakimbii karamu yake. Akaenda.

Theluji ilikuwa imeziba nusu ya barabara, na bado hakuna aliyekosa. Chumba cha chini cha kanisa kilijaa pomoni. Meza ziliinama kwa mabakuli ya nyama na viazi vya kuoka, keki za kila rangi, na lefse, chapati za viazi alizozisukuma Ardis mwenyewe, nyembamba kama leso, zimepakwa siagi na sukari. Walimwekea kiti cha mbele kabisa. Alikaa, mkoba wake wa mkononi ameukumbatia, hakugusa hata kahawa.

Kwenye runinga mawaziri walianza kuingia kwa mstari, wakipeana mikono na wabunge.

"Yule wa Fedha," alisema Lavonne, ambaye alikuwa amejichagulia kiti cha pembeni yake. "Yule wa Ulinzi. Yule mwenye upara ni wa Sheria. Wako yuko wapi?"

"Anakuja."

"Simwoni wa buluu."

"Nimesema anakuja, Lavonne!"

Mstari ukaisha. Mawaziri wakakaa. Kamera ikapita kwenye nyuso zao taratibu, mmoja mmoja, na gauni la buluu halikuwapo.

"Labda yuko nyuma ya mtu mrefu," alisema Mchungaji Dwight, kijana wa watu, akijaribu kusaidia.

Mzee Orville Stenson, ambaye masikio yake yalikwisha zamani kwa ngurumo za matrekta, akadhani ananong'ona. "WAMEMFUKUZA, AU NINI?"

Hakuna aliyecheka. Ardis alihisi macho ya mji mzima kwenye kisogo chake, na aibu ilimpanda kutoka miguuni. Si kwa ajili ya vyombo. Alimwona Karna kwa mawazo, peke yake kwenye kile chumba chake cha Washington, gauni limetundikwa kabatini, na mama yake huku amewaita watu waje kumtazama akikosekana. Akaanza kutafuta glavu zake aondoke.

Ndipo mtangazaji akasema, kwa sauti ileile ya kutangaza hali ya hewa:

"Na kama ilivyo desturi, waziri mmoja hayupo ukumbini jioni hii. Amewekwa mahali pasipotajwa, chini ya ulinzi, ili likitokea la kutokea na viongozi wote waliomo humu wakapotea, nchi isikose Rais. Mwaka huu ni Waziri wa Kilimo, Karna Tveten."

Wote mle ndani walikuwa wakiijua desturi hiyo. Kila mwaka huisikia, huku wakimimina kahawa. Haikumjia mtu yeyote akilini kwamba huyo anayefichwa huwa ni mtoto wa mtu.

"KASEMAJE?" aliuliza Orville.

Lavonne ndiye aliyemjibu, mdomo sikioni: "Kasema hawa wote wakifa, Rais ni Karna!"

"Karna yupi?"

"Karna huyu wetu! Aliyekuvunjia kioo cha trekta!"

"Toba!" alisema Orville. Akavua kofia yake. Orville huvua kofia kwa bendera na kwa jeneza tu, hata kanisani wamekwisha kumzoea.

Basi chumba kikalipuka. Watu waliokuwa hawajawahi kupiga makofi hata harusini walipiga makofi. Mchungaji Dwight alimkumbatia mtunza kinanda. Hotuba ya Rais ilikwenda hivyohivyo bila msikilizaji, na kila uso wake ulipotokea, Orville alimpungia mkono: "ENDELEA TU, BABA, SISI TUNA WETU WA AKIBA!"

Ardis alilia. Alilia bila kujificha, kitambaa puani, na hakumwomba mtu radhi.

Hotuba ilipokwisha alikwenda jikoni, akakuta Lavonne ameshafunga aproni na mikono imezama kwenye povu.

"Toka hapo," alisema Ardis. "Tulisema akionekana, na hakuonekana. Vyombo ni vyangu."

"Hebu funga mdomo, mama wa Rais. Kakae."

Simu ikalia kwenye mkoba wa Ardis, aliouacha kitini, nao wawili wakatoka mbio. Mchungaji Dwight aliibonyeza ili wote wasikie, na ilipotoka sauti ya Karna, watu walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Orville alisimama kwa kushika meza.

"Mama? Nimeruhusiwa kuongea sasa. Nisamehe, sikuweza kukuambia."

"Umekula?" aliuliza Ardis.

"Nimekula. Walinipa nyama, minofu mikubwa."

"Na gauni?"

"Nimelivaa. Hajaniona mtu, ila walinzi na yule mwanajeshi anayebeba mkoba wa siri za nyuklia. Amelisifia." Karna akacheka, kisha sauti ikatulia. "Mama, Rais alinichagua mwenyewe. Kaniambia, nchi ikibaki mikononi mwa mtu mmoja, anataka awe yule asiyeogopa kumwambia hapana."

Ardis alijifuta macho kwa kitambaa. Watu walimngoja.

"MWAMBIE SI MBAYA!" alipiga kelele Orville.

"Si mbaya nini!" Ardis aligeuka akawatazama wote, Lavonne na povu lake, Mchungaji, wakulima na wake zao. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili. "Umenitoa kimasomaso, mwanangu! Unanisikia? Umenitoa kimasomaso mbele ya mji mzima! Nami nakupenda!"