Dinari za Antigono

Antigono alikuwa ameinamia muhuri wa chuma tangu asubuhi, akichonga herufi kinyumenyume kama kazi yenyewe inavyotaka, ili nyundo ikishuka juu ya fedha zitoke zimenyooka. Alishachora mwanamke aliyeshika kofia ya watumwa walioachwa huru. Pembeni yake akamalizia neno UHURU. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa kiwanda cha sarafu, huko kilimani Roma, huu ukiwa mwaka wake wa ishirini na sita kazini. Msimamizi wake, Vibio, alikuwa amemwahidi kwamba dinari hizi zikitoka tu, naye ataachwa huru.

Dinari ya kwanza ikatoka imeandikwa: ANTIGONO KANICHONGA. BADO MTUMWA.

Vibio akaisogeza kwenye mwanga. "We mzee, umesahau kugeuza herufi?"

"Nimezigeuza, bwana. Tazama muhuri."

Muhuri ulisema UHURU. Wakagonga nyingine, na nyingine, maneno yakawa yale yale. Vibio akaiuma moja, akaona fedha ni fedha.

"Zipelekwe. Jeshi linazingoja."

Zikashuka mjini, na watu wakazoea. Wauza samaki walizipokea, makuhani nao wakazipokea. Kreste, mke wa Antigono, alikuwa mwanamke huru, akiuza dengu za kukaanga karibu na daraja. Wateja walimlipa huku wakisoma kwa sauti.

"Shemeji yetu bado tu?"

"Bado. Chukua dengu zako upishe wenzio."

"Si umwambie atoroke?"

"Atorokee wapi, na jina lake liko mfukoni mwa kila askari?"

Mwezi ulipokwisha, Kreste alipanda kilimani, akasimama na mumewe mbele ya Vibio kumkumbusha. Vibio hakukasirika. Alimpa hata kigoda.

"Ahadi naikumbuka, mama. Lakini fikiri mwenyewe. Nikimwacha huru leo, dinari zote hizi zitakuwa zinasema uongo. Nani atazipokea?"

"Upande wa pili Kaisari amechorwa na shingo ya kijana, bwana, na mwenyewe ni mzee hana meno. Mbona zinapokelewa?" Kreste akauliza.

"Ile ni heshima," Vibio akasema. Kisha akamgeukia Antigono. "Muhuri umeanza kupasuka. Chonga mwingine."

Antigono akaenda kuchukua chuma.

Kreste akashuka peke yake, maana soko lilikuwa halijafungwa. Mteja wake mmoja alikuwa akimngoja pale pale, dinari mkononi.

"Haya, wamesemaje huko juu?"

"Si umeishika?" Kreste akasema, akimpimia dengu. "Soma."