Kiunzi cha Watasema

Mimi Mfaume, seremala wa Ng'ambo hapa Tabora, kazi yangu haidondoki. Muulize yeyote. Kitanda nilichomtengenezea shemeji yangu kabla ya Uhuru, watoto sita wamezaliwa juu yake na mpaka leo hakilii. Nina mdomo mkali, hilo nakubali, lakini mkono wangu hauna lawama.

Basi Mwalimu Apolinaria akaja karakana kwangu na mbwa wake. Mbwa mwenyewe wa kawaida kabisa, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Jina lake Watasema. Mwalimu anaishi peke yake, hana mume, na jina hilo alilitoa makusudi. Kila akimwita mbwa jioni, majirani wote wanapata salamu zao.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbwa abaki huko huko nje, mimi nina udhu."

Akacheka, akamketisha mbwa mlangoni. "Nataka nguzo mbili fupi na ufito wa kupita katikati. Watasema aruke."

"Umfundishe kukamata wezi?"

"Hapana."

"Kuwinda?"

"Hapana, fundi. Acheze tu, na mimi nicheze naye. Nimewaona mbwa wa polisi Dar es Salaam, sikukuu ya Saba Saba, wanaruka vizuizi. Nikasema, hata wangu ana miguu minne."

Nikamkodolea macho. Mwaka wenyewe sitini na nane, nchi nzima tunaambiwa uhuru na kazi, nina madawati arobaini ya shule yananingoja, na mwalimu wa shule hiyo hiyo anataka kuchezesha mbwa! Nikamwokotea fito tatu za mabaki ili aniondokee.

Jioni ile nikapita kiwanja cha shule. Sikwenda kutazama, ndiyo njia yangu ya nyumbani. Mwalimu alikuwa ameulaza ufito chini, juu ya majani. Chini kabisa! Mbwa akauvuka kwa kutembea tu, mwalimu akasema "Haya!" kwa sauti ya furaha, akampa kijipande cha nyama kavu. Wakarudia mara tano, kisha akauokota ufito.

"Mbona unaacha na mbwa bado anataka?" nikauliza.

"Ndiyo maana naacha. Kesho atakuja na hamu."

Kesho yake ufito ukawekwa juu ya matofali mawili. Siku ya tatu, matofali manne. Hakumvuta kwa kamba, hakumpiga, hakumfokea. Nami kila jioni njia yangu ikapita pale pale, hata siku ambazo nilikuwa nakwenda upande mwingine.

Wiki ya tatu ufito ulifika usawa wa goti langu. Mwalimu akakimbia pembeni, akanyoosha mkono, "Haya!" Watasema akaja mbio, akajikunja, akaondoka ardhini. Lo! Subhanallah! Miguu yote minne hewani, masikio yote mawili yamesimama, jua la jioni linapita chini ya tumbo lake. Umri wangu wote mbwa nimemwona akitupiwa mawe, au akinusa jalala. Sikujua kwamba Mungu amemwekea kitu kama kile ndani ya mwili wake. Nilisimama nimeshika mdomo, na machozi yalinilenga, siwafichi.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Yahaya, alinikuta hapo. "Mzee Mfaume, jambo hili linaleta maendeleo gani?"

"Umewahi kuniona jioni nimenyamaza bila kugombana na mtu?"

"Sijawahi."

"Basi hayo ndiyo maendeleo."

Sasa sikilizeni kosa langu. Yale matofali yalikuwa yananikera. Nikaacha madawati, nikatengeneza kiunzi cha mninga. Ufito mzito, ncha zake nimezichonga ndimi zikazama kwenye matundu ya nguzo, gundi, vigingi, vanishi. Ukikitikisa, unajitikisa mwenyewe. Nikakipeleka uwanjani na kukizika miguu ardhini.

Mwalimu akaugusa ufito. "Fundi, si ingekuwa vizuri ukiguswa uanguke?"

"Kazi yangu haidondoki," nikamwambia, nimevimba kichwa kweli kweli.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Watasema akaja mbio, akateleza wakati wa kuruka, miguu ya nyuma ikagonga. Mninga haukusogea hata unywele. Mbwa akapinduka, akaangukia ubavu, na kile kilio chake, jamani, bado nakisikia.

Bwana mifugo alisema mfupa haukuvunjika. Baada ya wiki tatu Watasema alikuwa anatembea, anakimbia, anafukuza kuku. Lakini mwalimu akiuweka ufito chini, hata ule mwembamba wa siku ya kwanza, mbwa analala kifudifudi na kutetemeka. Mwalimu hakunilaumu. Laiti angenitukana! Alisema tu, "Pengine basi, fundi. Tulicheza vya kutosha." Nikashindwa kula siku ile. Nilikuwa nimemnyang'anya mnyama yule kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na nimemnyang'anya kwa ufundi wangu.

Nikakikata kile kiunzi kwa msumeno. Kisha nikakaa kutengeneza kitu kinachoanguka, na haki ya Mungu, mikono ilikataa. Miaka arobaini inajua kukaza, leo niifundishe kulegeza! Mara tatu nilikosea. Mwishoni nikapata: nguzo mbili, kila moja na kijibao kilichobonyea kidogo kama sahani, na juu yake ufito wa mwanzi, mwepesi, umekaa tu. Ukiupuliza kwa nguvu unacheza.

Nikaupeleka uwanjani. Mbwa akauona, akalala chini.

"Unaona?" mwalimu akasema taratibu.

Nikamtazama mbwa. Atajuaje kwamba huu unaanguka? Nani amemwambia? Basi nikaikunja kanzu yangu, mzee wa miaka sitini, nikauendea ule ufito na kuugonga kwa ugoko wangu. Ukaanguka. Nikaurudisha. Nikaugonga tena. Ukaanguka. Yahaya alikuwa anapita, akasema kwa sauti, "Mzee wetu ndiyo basi tena!" Nikamwambia aende zake. Nikagonga mara kumi, mara kumi na tano, na kila ukianguka nacheka kwa nguvu, mwanzoni kicheko cha uongo, halafu cha kweli.

Watasema akainua kichwa. Sikio moja likasimama. Akaja akitambaa kwa tumbo, akaunusa ufito ulioanguka, akaugusa kwa mguu, ukabingirika. Akautazama. Kisha akauvuka kwa kutembea tu.

"Haya!" tukasema wote wawili.

Tukaanza upya, kutoka ardhini, jioni baada ya jioni, hadi ukafika tena usawa wa goti. Siku hiyo mwalimu aliniachia mimi ninyooshe mkono. Watasema akaja mbio, akapaa, na angani mguu wake wa nyuma ukagonga ufito.



Ufito ukaanguka majanini kwa mlio mdogo. Mbwa hakugeuka hata kuutazama. Akatua, akaendelea mbio, mkia juu, akanijia moja kwa moja. Kazi yangu ilikuwa imedondoka mbele za watu, nami, mwanamume mzima, nikapiga kigelegele! Sikuwahi hata kuitoa nyama mfukoni. Watasema alikwisha kuulamba mkono wangu, kiganjani mpaka kifundoni, ulimi wa moto, na sikuuvuta.

Mwalimu akashtuka. "Fundi, udhu wako!"

"Najua."

Nikauacha mkono pale kwa muda kidogo zaidi. Kisha nikaenda kwenye bomba la shule, nikauosha mara saba, moja kwa udongo wa kiwanja kile kile, kama tulivyofundishwa. Nikajifuta kwa kanzu, nikarudi, nikauokota ufito na kuuweka juu ya nguzo zake.