Risasi Zilizolala kwa Waithira

Jioni ya kwanza risasi ziliporudi, Waithira alikuwa ameketi nje ya jikoni pale Mugutha, anachambua maharagwe. Zilikuja chini chini juu ya kahawa ya mzungu, polepole, kama kuku waliozurura kutwa kwa shamba la watu. Zikapanda ikumbi ya mahindi moja moja, zikaingia pale nyasi ya paa imeachana na fito, zikatulia. Waithira alitoa jiwe kwa maharagwe, akalitupa.

"Zimerudi," akamwambia Nicanor.

Nicanor alikuwa koplo kutoka upande wa Kisumu, na kazi yake ilikuwa kulinda hiyo ikumbi. Mkono mmoja alishika bunduki, ule mwingine kikombe cha uji wa Waithira. Aliweka kikombe chini, akainua paa kidogo, akachungulia.

"Ni zetu," akasema. "Hii hata naijua, asubuhi niliiangusha kwa mawe ikapata mkwaruzo."

"Zimekula mtu?"

Nicanor akachukua moja, akainusa. "Hapana, mama. Inanuka majani tu."

Waithira akashukuru Mungu, kimoyomoyo lakini kabisa. Kijana wake Kagwe, mmoja tu aliyekuwa naye, alikuwa kwa msitu wa Kieni na wale wengine wanaopigana na serikali, na asubuhi hizo risasi zilikuwa zimepelekwa Kieni. Nicanor alijua. Kila mtu anayekunywa uji wa mama anajua mambo ya mama. Alirudisha risasi kwa wenzake, akafunika paa vizuri isinyeshewe.

Sasa, hii maneno ilianza hivi. Kwa Wagikuyu, ikumbi, lile ghala la mahindi linalosimama juu ya nguzo, ni ya mama wa boma. Mzee anaweza kuwa na mbuzi wa kujaza kilima, lakini akitaka mahindi anaomba. Asipoomba analala njaa na hakuna wa kumhurumia. Kapteni wa kina Nicanor hakuomba. Alikuja na lori, akaona kitu imeinuliwa, ni kavu, panya hawafiki, akasema hii itafaa. Mahindi ya Waithira yakamwagwa kwa uwanja, masanduku ya risasi yakaingia. Hakuna aliyemwambia Waithira hata habari yako.

Lakini kitu ikishalala kwa ikumbi inakuwa ya nyumba. Ukiituma asubuhi, jioni inarudi. Na kitu ya nyumba haiwezi kudhuru mtoto wa nyumba, wala rafiki zake aliokaa nao. Si uchawi. Ni vile mambo iko.

Basi askari wakawa wanapanda Kieni, wanapiga siku nzima mpaka mabega yanauma, na kule ndani watu wanasikia tu kitu kama nyuki ikipita kwa sikio, ikizunguka, ikienda zake. Jioni lori linarudi Mugutha na askari wamenuna. Risasi mara nyingi zilikuwa zimewatangulia.

Si kampuni zote za askari zilikuwa na hiyo bahati. Ile ya upande mwingine iliweka risasi zake Ruiru kwa nyumba ya mabati, nyumba ambayo si ya mama yeyote, na hizo zikienda zilikuwa zinabaki. Githinji, mtoto wa Nyawira, jirani ya Waithira, alipatwa na moja, akafa. Nyawira alikuja akakaa kwa Waithira, akaangalia ikumbi jua ikizama na risasi zikipanda.

"Yangu pia ni kavu," akasema. "Wangeleta kwangu. Hata bila kuomba, ningenyamaza."

Waithira akamkatia nduma ya kuchemsha katikati. Akampa ile nusu kubwa.

Baadaye akaja mkubwa fulani kutoka Nairobi, na kiti yake ya kukunja, kutafuta ni nini inafanya hii kampuni ishindwe na vita. Akaketi pale uwanjani. Kapteni akasema ni ukungu. Sajini akasema ni buti, zinaingiza maji. Mpishi hakuwa ameulizwa, lakini alisema mtu hawezi kupigania Malkia na maharagwe ya jana. Ikafika zamu ya Nicanor, na Nicanor alikuwa amefunzwa na wamishonari asidanganye.

"Bwana, risasi zinarudi nyumbani jioni."

Mkubwa hakuinua kichwa. "Zinarudi zikiwa na hali gani?"

"Nzuri, bwana. Zingine ziko na matope."

Mkubwa akaandika: matope. Waithira alikuwa hapo karibu, anapukuchua mahindi, na jibu lote alikuwa nalo mdomoni. Mkubwa alimgeukia mara moja tu, kumwambia aondoe mbuzi. Basi wakaletewa buti mpya. Zilikuwa buti nzuri sana, hata Nicanor alizisifu, na risasi zikaendelea kurudi.

Kisha ikaja amri ya vijiji. Kila boma lichomwe, watu wote wakakae pamoja kando ya barabara, ndani ya mtaro ambao watauchimba wenyewe. Hedimani Ndung'u, yule mkubwa wa eneo aliyewekwa na serikali, alipita kwa Waithira na kofia mpya.

"Nyina wa Kagwe, toa vyombo. Moto inakuja kesho."

"Na shamba?"

"Shamba haichomeki. Itaangaliwa." Alikuwa anaiangalia tayari.

Masanduku yakapakiwa yapelekwe Thika, kwa nyumba nyingine ya mabati. Nicanor akabaki nyuma kidogo, anazunguka ikumbi kama mtu aliyepoteza kitu.

"Mama, hizi zitakufuata huko kijijini."

"Najua."

"Na wewe ukipatikana na moja tu kwa nyumba, ni kamba ya shingo. Hawatauliza ilikujaje."

"Hao si watu wa kuuliza, Nikanori."

"Basi zifukuze!"

"Kitu imenirudishia mtoto kila jioni, nifukuze? Wewe mamako alikufunza hivyo?"

Nicanor akaangalia buti zake mpya. Waithira akachukua jembe, akapiga magoti, akaanza kuchimba nguzo ya pembeni. Hiyo ndiyo alisimamisha kwanza siku alipoolewa hapo. Nguzo ya kwanza ndiyo ikumbi, inakoenda ndiko nyumbani, hizo zingine ni za kusaidia. Alipoitoa, Nicanor akanyoosha mikono aipokee. Waithira hakuiachilia.

"Sema vizuri."

Koplo alifikiria. Halafu akavua kofia.

"Mama, naomba ikumbi yako."

Katika serikali yote, kutoka gavana mpaka mpishi, huyo ndiye peke yake aliyewahi kuomba. Waithira akatemea nguzo mate kidogo ya baraka, akampa.

"Ni nini hiyo?" Kapteni akauliza kwa lori.

"Ya kushikilia rafu, effendi."

"Vizuri."

Siku ya pili yake moto ulipita. Jioni hiyo, kijijini, homugadi, wale walinzi wa kijiji wa serikali, walikuwa wanapekua nyumba, wanamwaga unga, wanapiga kuta na rungu. Kwa Waithira hawakupata kitu. Alikuwa ameketi mlangoni, mikono imetulia kwa magoti. Risasi zikatokea upande wa Kieni. Zikapita juu ya mtaro, juu ya kofia ya Ndung'u, zikashika njia ya reli kwenda Thika. Moja ilishuka kidogo, ile ya mkwaruzo, kama mtoto anayegeuka kuaga, kisha ikafuata wenzake.

"Asanteni," Waithira akasema. "Msalimieni Nikanori."

Vita serikali ilishinda mwishowe, lakini si kwa risasi za Thika. Ilishinda kwa mtaro, na kwa njaa, na mtaro Waithira aliuchimba kwa mkono wake kama wengine. Kagwe alitoka msituni kwa miguu yake, akafungwa, akaachiliwa, akarudi amekonda kama fito lakini mzima, bila kovu hata moja la risasi. Waithira alimshika uso, akamgeuza huku na huku kama mtu ananunua sufuria.

Kagwe alienda kuona nyumbani. Akakuta shamba imeandikwa jina la Ndung'u, na pale boma lilikuwa, imepandwa kahawa changa, mistari imenyooka. Akarudi, akaketi.

"Maitu, hata alama ya ikumbi hakuna."

"Iko Thika," Waithira akasema. "Inafanyia serikali kazi."

"Nani aliwapa?"

"Mimi. Kuna mmoja aliomba."

"Na shamba, kuna aliyeomba?"

Waithira akampakulia githeri ya mahindi na maharagwe, akamwekea ile ya chini iliyo na mafuta. "Kula kwanza."

Kagwe alikuwa hajamaliza wakati risasi zilipita, chini chini, zimechoka na mazoezi ya askari, zinaelekea Thika. Akasimamisha kijiko.

"Hizo nazijua," akasema.

"Kama unazijua, si uzisalimie."

Kagwe akaweka sahani chini, akasimama, akavua kofia. Kule ng'ambo Ndung'u naye aliinua macho, akaona ni jioni, akaita wafanyikazi watoke kwa kahawa yake.