Truphosa na Shimo la Maziwa

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Truphosa wiki ile zilikuwa zimenyolewa upara. Maneno hayo ni yake mwenyewe, kwa hiyo asinilaumu mtu mimi ninayesimulia.

Truphosa ni msimamizi wa kupuliza dawa katika shamba moja la maua huko Kamere. Kazi yake hasa si kupuliza, ni kuzuia. Grinhausi, yaani lile banda la plastiki la mawaridi, ikishapulizwa dawa ya wadudu, yeye hutundika bendera nyekundu mlangoni, akasimama hapo mikono kiunoni, na haingii mtu mpaka saa zilizowekwa zipite na bendera ya kijani itundikwe. Meneja mwenyewe aliwahi kurudishwa. Alikuwa amesahau simu ndani, ikalia mpaka ikachoka, naye amesimama nje akiisikiliza. Truphosa alijivunia siku hiyo kuliko siku ya harusi yake.

Sasa, likizo ya uzazi ilipokwisha akarudi kazini, na binti yake Shantel ana miezi minne tu. Alikuwa ananyonyesha asubuhi na jioni. Hapo katikati maziwa yalijaa yakamuuma, na badala ya kwenda kuyakamua alibaki mlangoni pake, maana aliamini akitoka kidogo tu watu watajiingilia. Titi la kushoto likavimba, likawa jekundu, likawaka. Siku moja akajikuta anatetemeka juani na sweta amevaa, ndipo akaenda kwenye zahanati.

Nesi aliyempokea aliitwa Chelagat, msichana mpole mwenye mikono baridi. Alilipapasa lile titi, akamwambia limeingia uambukizo. Akampa vidonge vya antibiotiki na vingine vya maumivu.

"Hivi vya antibiotiki umeze mara tatu kwa siku mpaka viishe, mama, hata ukijisikia umepona," akasema. "Na unyonyeshe kama kawaida, pande zote mbili. Hata huu unaouma usiuruke. Maziwa yakikaa humo ndani utazidi kuumia."

"Sawa, sista," akajibu Truphosa kwa adabu zote.

Kichwa kiliitikia, moyo ukacheka. Njiani kuelekea nyumbani alijiambia kwamba huyu msichana anajua sindano, lakini kemikali hajui. Kemikali ni mambo ya Truphosa, mwenye cheti ukutani na picha akipokezwa cheti chenyewe. Ukimwagia mmea dawa kwenye mizizi, itapanda mpaka kwenye jani. Basi na yeye akimeza kitu kitapanda mpaka kwenye maziwa, na pahali penye dawa mtu haingii kabla ya saa zake. Sikio la kufa, wenyewe walisema, halisikii dawa.

Alimeza kidonge cha kwanza, akatoa mfukoni kipande cha utepe mwekundu wa kazini, akajifunga shingoni. Mumewe Jerry, fundi wa pikipiki, alikuja kumpokeza mtoto, akasimama akiutazama ule utepe.

"Hii ni ya nini, Mama Shantel?"

"Nimemeza dawa. Mtoto asiguse titi mpaka saa zipite."

"Saa ngapi?"

Hapo Truphosa akapiga hesabu. Kabla saa za kidonge cha kwanza hazijapita, cha pili kimefika. Kabla za cha pili hazijapita, cha tatu hicho. Kwa hesabu yake bendera ya kijani ingetundikwa dawa ikiisha, yaani wiki ijayo. Mtu mwenye akili angeona hesabu yenyewe inamcheka. Yeye akamtuma Jerry dukani kuleta maziwa ya mkebe.

Shantel hakuyataka. Chupa aliitema, kijiko akakifungia mdomo, kikombe akakipiga mkono kikamwagika chote kwenye shati la baba yake. Alilia akimtazama mama yake kifuani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Truphosa naye alilia, lakini alilia akiwa upande wa pili wa chumba, kama sheria inavyotaka.

Titi lilipomzidi alijikamua matone machache, kwa maumivu hakuweza zaidi, na hapo tena ujuzi ukamponza. Shambani mabaki ya dawa hayamwagwi ovyo, yana shimo lake. Akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Jerry alimkuta ameinama anafukia.

"Unazika nini?"

"Maziwa."

Jerry akarudi ndani kumbembeleza mtoto. Truphosa mpaka leo akikumbuka anajishika kichwa. Mtoto ana njaa chumbani, na mama anamchimbia chakula chake kaburi, tena anaweka jiwe juu ili kuku wa jirani wasidhurike.

Mambo yakamshinda, akabuni busara nyingine mbaya kuliko ya kwanza. Akaacha vidonge, ili saa zipite upesi apate kunyonyesha. Akingoja saa zipite, homa inapanda. Homa ikipanda anaogopa, anameza kimoja. Akimeza, saa zinaanza upya. Siku mbili zikaenda hivyo, mtoto akiishi kwa vijiko vichache vya maziwa ya mkebe. Ikawa hakujitibu wala hakumnyonyesha mtoto, na ule utepe shingoni hautoki.

"Mimi najua injini tu," Jerry akasema mwishowe, ameshika nepi mkononi. "Lakini hii nepi nilimfunga asubuhi, na bado ni kavu."

Truphosa aliishika ile nepi, akaigeuza. Kavu. Akamtazama Shantel, ambaye sasa hata kulia alikuwa ameacha, amelala tu kwenye bega la baba yake na midomo imekauka. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, na cheti hakikumsaidia kitu. Alijifunga mtoto leso, Jerry akawasha pikipiki.

Nesi Chelagat alimpokea mtoto kwanza. Alimpima, akamfungua mdomo, akamgusa utosi, akafinya ngozi ya tumbo. Kisha akamtazama mama mtu, homa usoni, titi limekaza, na utepe mwekundu shingoni.

"Dawa umemeza?"

"Nimemeza. Lakini kwa zamu."

"Zamu ya nani?"

Truphosa akaeleza yote: bendera, saa, mkebe, hata shimo. Alipofika kwenye shimo nesi aligeuka kidogo akakohoa kwenye kiganja, na Jerry akatazama dari.

"Nilikwambia nini kuhusu kunyonyesha?" Chelagat akauliza.

"Ulisema ninyonyeshe."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema sawa." Truphosa aliinamisha kichwa. "Sista, mimi hurudisha hata meneja. Sikujua naweza kurudisha mtoto wangu."

Chelagat hakumcheka. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Ni kweli dawa hufika kwenye maziwa, mama, hapo hukukosea. Lakini hii hufika kidogo sana, na ndiyo huwa tunawapa wanaonyonyesha. Nilijua unanyonyesha ndiyo nikaichagua. Ziko zingine singekupa. Kwa hivyo ukienda kutibiwa popote, sema kwanza unanyonyesha, na dawa ya mtu mwingine usimeze. Ukiwa na wasiwasi, rudi uniulize. Usiache dawa kivyako, na usimnyime mtoto kivyako. Ukiona anaharisha ama ametoka vipele, mlete nimwone. Na hili titi, ungeendelea hivyo lingefanya jipu, ungepasuliwa."

"Mtoto je?"

"Amekaukiwa maji kidogo. Hatumpeleki popote kwanza. Ajaribu kunyonya hapa hapa, nikimwona. Akishindwa tunampeleka hospitali leo."

Truphosa alifungua blauzi, akamsogeza Shantel kifuani. Mtoto akageuza uso.

Akamsogeza tena. Shantel akageuza uso tena, akaupeleka kwenye shati la baba yake. Mwanamke aliyekuwa akiwarudisha watu wazima mlangoni alirudishwa na mtu asiye na jino hata moja. Machozi yalimtoka yakadondoka kwenye nywele za mtoto. Akamwomba msamaha kwa sauti, pale mbele ya watu, kwa Kiluhya cha kwa mama yake.

"Usimlazimishe," nesi akasema. "Mtoe nguo, mlaze kifuani pako hivyo hivyo, ngozi kwa ngozi. Kamua tone moja umpake mdomoni, kisha ungoje."

Truphosa alitii neno kwa neno. Akangoja. Jerry alisimama amekunja kofia yake mkononi, hathubutu hata kubadilisha mguu. Shantel alilamba lile tone. Akainua pua, akatafuta huku na huku, akapiga kichwa kwenye mfupa wa kifua, akatafuta tena, kisha akashika. Upande wa kushoto. Maumivu yalimpanda Truphosa mpaka kwenye meno, na hakumtoa.

Walisikia mtoto akimeza. Chelagat alisikiliza kwa muda, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kumimina maji kwenye kikombe.

"Saa yako ya dawa imefika," akasema, akampa maji na kidonge.

"Sasa hivi? Akiwa ananyonya?"

"Sasa hivi."

Truphosa alikitazama kidonge kwenye kiganja, akamtazama mtoto. Akakitia mdomoni, akameza. Shantel hakufumbua hata jicho, aliendelea kunyonya.