Koti la Daktari

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa fundi cherehani mwili haukosei. Kinachokosea ni nguo. Miguu ilipomvimba, alivitukana viatu. Alipolala akakosa pumzi, alijishonea mto mwingine, kisha mwingine, mpaka nikawa nalala na mtu aliyeketi kama anasubiri mgeni.

"Twende hospitali, baba watoto."

"Nikafanye nini? Mito ndiyo myembamba."

Harusi ya mjukuu wetu wa kike ilikuwa inakaribia, na mzee alikuwa ameahidi kufungua dansi na bibi harusi huyo. Na hapo alipo, kutoka kitandani hadi kwenye cherehani tu alihema kama mvukuto. Nikaona huyu asipotibiwa, harusi tutaifanya bila yeye.

Lakini mzee mbishi havutwi, hutegwa. Nikaenda peke yangu kwa daktari wa moyo, binti mmoja mcheshi, tukanong'onezana. Niliporudi nikasema, "Kuna daktari anataka koti. Mabega yake yamewashinda mafundi wote wa mjini."

"Wote?" Mzee akainuka, tepu shingoni.

Tukamfuata daktari hospitalini kwake. Mzee akampima mabega, akainama kupima urefu, akainuka akitweta.

"Sasa zamu yangu, babu," daktari akasema. Akachomeka chombo chake masikioni, akamsikiliza kifua, akamfunga mkono kumpima presha, akampiga na picha ya moyo. "Presha imekaa muda mrefu bila dawa. Moyo umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Hakuna kiatu chenye kosa hapa."

Mzee akanigeukia. "Wewe mwanamke!"

"Mimi nimemletea fundi mteja, basi."

Akapewa vidonge vya presha, vya kila siku, si vya kumeza ukijisikia, na vingine vya kutoa maji. Chumvi niliificha mwenyewe. Mwanzoni alishinda njia ya chooni akinilaani kwenda na kurudi. Taratibu miguu ikanywea, mito ikarudi kabatini, na viatu vilevile alivyovitukana vikamwingia bila kelele.

Siku ya harusi daktari alikuja na koti lake jipya, mabega yamekaa sawasawa. Mzee akafungua dansi na mjukuu, polepole kama alivyoagizwa, kisha akanijia.

"Inuka, mwongo mkubwa."

"Daktari amesema usijichoshe."

"Amesema nisibebe vizito." Akanitazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo utatembea mwenyewe."

Nikatembea. Na vidole vyake nikavikanyaga, kwa makusudi.