Kumsikia Mayunga

Mwaka 2003 Paschal, mpiga picha wa harusi wa pale kwetu Dutwa, alimaliza kupiga picha za filamu yake. Hakuwa na kampuni wala mfadhili. Alikuwa na kamera moja ya video, majirani waliokubali kuigiza bure, na ubishi wa kuzaliwa nao. Mdogo wangu Mayunga aliigiza mchunga ng'ombe. Masika yaliyofuata homa ikamchukua, filamu yenyewe ikiwa bado haijaunganishwa.

Mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ukisimama mbele yake aliona kivuli tu. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba filamu itaonyeshwa Bariadi Jumamosi, hakuuliza habari ya picha. Aliuliza kama Mayunga anasema. Nikamjibu kuwa anasema, tena kwa Kisukuma chetu, na kigugumizi chake kimo. Sauti ya mdogo wangu haikuwepo mahali pengine popote. Mama akaanza kutafuta khanga yake nzuri, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Paschal alinipa onyo moja. Kwenye vibanda vya video kuna DJ, mtu wa kipaza sauti, ambaye huzima sauti ya filamu na kusimulia yeye kwa Kiswahili. Huyo wa Bariadi alikuwa na mdomo kiasi kwamba hata filamu ya Kiswahili aliitafsiri kwa Kiswahili. Paschal mwenyewe siku hiyo alikuwa na harusi Nyashimo.

"Fika mapema, Monika," akaniambia. "Mwambie anyamaze Mayunga akitokea. Atakubali. Ila filamu ikishaanza hasikii la mtu."

Tulishuka basi Bariadi saa nne asubuhi, na filamu ilikuwa saa nane. Muda tele, nikajisemea, na hapo ndipo nilipopotea. Mimi nimekulia enzi za duka la ushirika, rafu tupu na karani anapiga miayo. Sasa soko huria lilikuwa limemwaga vitu mpaka barabarani: vitenge, redio za Kichina, mabeseni ya kila rangi, mitumba inayonuka dawa. Mama alinishika mkono nami nikampitisha duka hadi duka, nikimshikisha hiki na kile. Alinivumilia. Tukitoka kila duka aliuliza kwa upole kama saa nane bado. Nikasema bado.

Kisha nikaviona viatu vyekundu vya kisigino. Vilikuwa vidogo. Nikavivaa, nikavivua, nikavivaa tena. Muuzaji, Nyanda, akaapa kwamba vikizoea mguu vitatanuka. Tukabishana bei kama watu wanaouziana ng'ombe. Nilikuwa ndiyo kwanza navitia mfukoni redio ya dukani ikatangaza saa nane na dakika ishirini.

Nilimburuta mama, Mungu anisamehe. Kibanda kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Mtu mmoja mwenye adabu akampisha mama kwenye benchi la nyuma. DJ alikuwa mbele kabisa, karibu na televisheni. Nikapunga mkono, nikaita. Watu wakaniambia nikae, nawazibia.

Mayunga akatokea. Alivaa lile shati lake la bluu, fimbo begani. Akafungua kinywa, na nikauona mdomo wake ukitetemeka kabla ya neno, kama ilivyokuwa kawaida yake. Sauti iliyotoka ilikuwa ya DJ, laini, isiyokwama popote, ikimwambia baba yake wa kwenye filamu kwamba ng'ombe hawauzwi hata kufa. Watu wakapiga makofi.

Mama akaniinamia. "Amekwisha kusema?"

"Bado, mayu."

Nilisema hivyo kwa woga, basi. Mayunga alitokea mara tatu, na mara tatu DJ akamsemea. Mama alikaa wima, sikio kalielekeza mbele, hata kikohozi alikizuia kisije kikamfunika mwanawe. Filamu ilipokwisha na watu wakaanza kutoka, akauliza tena. Nilishindwa kusema bado. Nikamweleza yote, pamoja na viatu. Nikasema nitamwomba DJ airudishe kanda nyuma, na akikataa, Paschal atatuonyesha siku nyingine.

Akanishika mkono.

"Acha, ng'wana wane," akasema. "Nimemngoja leo kama nilivyomngoja aseme kule hospitali. Siwezi kuanza tena."

Stendi tulikaa kusubiri basi la Dutwa. Nililia, wala sikujificha, maana mama angenionaje. Baadaye mama akapapasa mfuko uliokuwa mapajani mwangu, akatoa kiatu kimoja, akakipitisha vidole toka kisigino hadi ncha, taratibu.

"Vinakutosha?" akauliza.

Nikamwambia vinanitosha. Vilikuwa vinanibana, na sijavivaa tena.